Bweni la Kiboko Peke Yake

Nilisema tangu wakati wa kula kwamba leo sisimulii. Mgongo unaniuma, kunde hamkunisaidia kuchambua hata konzi moja, na sasa mmenizunguka kama kuku walioona mtama. Bibi hadithi, bibi hadithi. Hadithi inashibisha? Mngelala.

Lakini Sikuzani amerudi likizo na beji ya ukiranja kifuani, na beji hiyo hakuivua hata kwenye chakula. Tangu jana anawapanga wadogo zake mstari wa kwenda kunawa mikono. Na Mhina amenuna pale kizingitini, kwa sababu shuleni kwao hakuchaguliwa hata kuwa kiranja wa chaki. Mmoja anapiga kelele, mwingine ananuna, na mimi sipati raha. Basi nitasimulia, mradi mnyamaze. Shule niliiachia darasa la pili, lakini habari za mabweni nazijua. Kaeni. Anayetaka kusinzia akasinzie ndani.

Hapo zamani, kale ile ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, wanyama walikuwa na shule yao.

Na ilikuwa shule, si mchezo. Siku hizi pale pamebaki matete na vyura. Wakati ule uwanja ulifagiliwa kwa chelewa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana kama nywele zilizochanwa. Kulipokucha rimu ya gari iligongwa, ngwaa, ngwaa, ngwaa. Mhina, usiniulize rimu waliitoa wapi na magari yalikuwa bado. Waliitoa walikoitoa. Rimu ikilia, wote mbio, mchakamchaka, vumbi linawafika magotini, mmoja anaimba na wengine wanaitikia. Wakirudi, uji. Harufu ya uji ule ilimwamsha hata aliyejifanya mgonjwa, akatafuta kikombe.

Mwalimu Mkuu alikuwa Korongo. Mrefu, mpole, na miguu yake miembamba aliitunza kama mtu aliyevaa soksi nyeupe. Tope hakulitaka hata kwa mbali. Akiona dimbwi, atazunguka uwanja mzima.

Mabweni yalikuwa matatu. Bweni Mkuyu walikaa wakubwa, akina Nyati na Ngiri, na juu yao wote Kiboko, ambaye ndiye aliyekuwa Kiranja Mkuu. Bweni Mkwaju walikaa wa kimo cha katikati, akina Swala, watu wa kutazama pembeni jambo linapokuwa zito. Na Bweni Mpera walikaa wadogo: Kanga, Kobe, na wengine wa saizi hiyo, na kiranja wao alikuwa Pimbi, kajitu kadogo kasiko na mkia, lakini macho hayatulii.

Mpera walikuwa masikini wa nafasi. Walilala wamebanana kama maharage ndani ya ganda. Lakini kulikuwa na joto mle ndani, na asubuhi hakuna aliyejua mguu huu ni wake au wa jirani, wakaanza siku kwa kucheka. Aliyepita Mpera mara moja hakusahau joto lile.

Kila paredi Mwalimu Korongo alisimama kwa mguu mmoja na kusema maneno yale yale: "Kila bweni lina bendera yake, lina wimbo wake, lina ufagio wake, na lina zamu yake ya maji." Wanafunzi waliyajua mpaka waliyasema usingizini.

Na Jumamosi ilikuwa ukaguzi wa usafi. Hapo ndipo moyo wa shule ulipokuwa. Maana Jumamosi ulipikwa wali, na bweni lililoshinda usafi lilipewa ukoko wa sufuria kubwa. Ninyi mmelelewa na sufuria zisizoshika, ukoko hamuujui. Mwekundu, umekauka, ukiuvunja unalia kachu. Mtu aliweza kugombana na ndugu yake kwa ukoko ule. Na bweni lililoshika mkia lilisugua masufuria yote ya jikoni wiki nzima.

Sasa, Mpera walishika mkia kila Jumamosi. Kila Jumamosi. Kanga alisugua masufuria kwa majivu mpaka majivu yakamrukia mwilini, na yale madoa mnayoyaona mpaka leo hayakumtoka.

Na Mpera hawakuwa wachafu. Walifagia, wakanyunyiza maji sakafuni, wakafagia tena. Shida ilikuwa mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa Kiboko. Jumamosi asubuhi anaanzia bwawani kuoga. Anatoka na tope mpaka magotini, na jingine limemganda ubavuni, tapu, tapu, tapu, anakwenda Mpera. Anajaza mlango wote. Nyuma yake Mwalimu Korongo ananyoosha shingo, haoni kitu ila matako ya Kiboko.

"Mwalimu, ngoja hapo hapo nje," Kiboko anasema. "Humu pachafu. Utachafua miguu yako."

"Ahsante kwa kunihurumia," anasema Mwalimu, anarudi nyuma hatua.

Kiboko anaingia. Anageuka kulia, pwata. Anageuka kushoto, pwata. Ubavu unapangusa ukuta. Kisha anainamisha kichwa chini kama mtu aliyeshangaa.

"Tope hili la nani?"

Siku moja Kobe alimjibu kwa sauti ndogo, "La kwako, Kaka Mkuu. Linakudondoka."

"Kobe, umesema?"

"Nimesema shikamoo."

"Marahaba." Kisha kwa sauti ya nje: "Tope, Mwalimu. Mpaka kwenye matandiko."

Na Mwalimu huko nje anatikisa kichwa: "Mpera, Mpera. Mtabadilika lini?" Hakuingia hata siku moja. Mtu mzuri alikuwa Korongo, lakini alijua tu yale aliyoambiwa na aliyejaa mlangoni.

Basi, mwisho wa muhula ulipokaribia, Kiboko alijitokeza mbele ya paredi. Tumbo lilikuwa limeshiba ukoko, lakini kichwa bado kilikuwa na njaa.

"Mwalimu, hawa wadogo wamekosa malezi. Naomba iwe sheria. Bweni litakaloshika mkia Jumamosi ya kufunga shule, livunjwe. Watu wake wagawiwe kwa mabweni mengine, wakalelewe."

Mwalimu Korongo alibadilisha mguu. "Lolote litakaloshika mkia?"

"Lolote, Mwalimu. Sheria ni sheria."

"Iwe hivyo."

Wa Mkuyu wakapiga makofi. Wa Mkwaju wakatazama pembeni.

Mchana ule Mpera hakuna aliyegusa chakula. Walijua malezi ya Mkuyu ni malezi gani.

"Ngiri ameshanichagua," alisema Kobe. "Anasema nitakuwa kigoda chake."

"Mimi nitamkuna Nyati mgongo," alisema Kanga. "Mgongo ule hauishi. Nitazeekea pale pale. Pimbi, dada, twende kwa Mwalimu tukamwambie ukweli."

"Tumwambie Kiranja Mkuu ndiye anayeleta tope? Atamuuliza Kiranja Mkuu. Kiranja Mkuu atakataa. Kisha?"

Kanga akaketi tena.

Pimbi alitazama lile bweni lao, yale matandiko yaliyobanana, ile bendera yao ya kitambaa cha kanzu kuukuu. Akasimama, akatoka, akashuka mpaka bwawani.

Kiboko alikuwa ndani ya maji, pua na macho tu nje.

"Shikamoo, Kaka Mkuu."

"Marahaba, kidudu. Umekuja kuniomba msamaha?"

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kulala na watu."

Kiboko alitoa kichwa majini, bwaa. "Unasemaje?"

"Nasema sisi wadogo tunaona aibu kwa niaba yako," alisema Pimbi, na sauti yake ilikuwa na huruma kweli kweli. "Kiranja Mkuu mzima, unalala chumba kimoja na Ngiri anayekoroma. Mwalimu Mkuu ana nyumba yake. Wewe una nini? Una kona."

"Kona kubwa."

"Kubwa, nakubali. Lakini kona."

Kiboko hakuwahi kuliwaza jambo hilo, na sasa alipoliwaza lilimuuma.

"Lile ghala la zamani jirani na ofisi ya Mwalimu liko tupu," Pimbi aliendelea. "Mlango mpana. Kufuli lipo. Lingekuwa Bweni la Kiranja Mkuu. Lenye bendera yake. Lenye wimbo wake."

"Bendera yangu."

"Na wimbo."

"Wimbo utasemaje?"

"Utasema Kiboko."

"Mara ngapi?"

"Utakavyopenda mwenyewe, Kaka Mkuu. Bweni si lako?"

Kiboko akacheka, maji yakayumba. Kisha akakaza jicho. Hakuwa mjinga kabisa, msimfikirie hivyo. "Na wewe unatafuta nini hapa?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Bweni letu linavunjwa. Nataka unikumbuke siku ya kugawiwa. Nipeleke kwa mtu asiyekoroma."

Hilo Kiboko alilielewa. Mtu anayejipendekeza kwa faida yake alimwelewa vizuri. "Nenda. Nitakukumbuka."

Kanga alikuwa amejificha nyuma ya matete na ameyasikia yote. Akamfuata Pimbi njia nzima akimpigia kelele. "Shoga yangu wa kulala ubavu kwa ubavu! Sisi tunalia, wewe unamtungia Kiboko wimbo. Haya, nenda kamwoshe na mgongo."

"Kanga, we kesho sikiliza Mwalimu atakavyosema. Mpaka neno la mwisho."

"Nisikilize nini? Nayajua."

"Unayajua. Na Kiboko?"

Asubuhi kwenye paredi Kiboko akaomba bweni lake. Mwalimu Korongo alishangaa, lakini hakuwa mtu wa kumnyima kiranja wake.

"Utakuwa na bweni, sawa. Na kama mnavyojua, kila bweni lina bendera yake, lina wimbo wake, lina ufagio wake, na lina zamu yake ya maji. Umenielewa, Kiboko?"

"Nimeelewa, Mwalimu. Bendera na wimbo."

"Na ufagio, na zamu ya maji."

"Ndiyo, na hayo mengine."

Hapo Kanga akafumba mdomo. Akaanza kumtazama Pimbi kwa pembe ya jicho.

Sasa ungedhani wa Mkuyu watasikitika kuondokewa na mkubwa wao. Wapi. Kabla paredi haijavunjika, Ngiri alishalibeba tandiko la Kiboko kichwani, anakimbia nalo kwenda ghalani. Nyati akabeba ndoo yake. Walimhamisha kwa nyimbo kama wanaopeleka bibi harusi. Ukoko wa Mkuyu, nani alikuwa akiula karibu wote? Nafasi ya Mkuyu, nani alikuwa ameilalia nusu? Kiboko aliona shangwe ile akadhani anapendwa. Akafunga kufuli, akavaa ufunguo shingoni.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Bendera ikapandishwa. Siku ya pili, kwenye paredi, mabweni yakaimba. Mkuyu wakaimba, watu wengi. Mkwaju wakaimba. Mpera wakaimba kwa sauti zao ndogo za filimbi. Wote wakamgeukia Kiboko.

Akakohoa. "Kiboko," akaimba.

Hakuna wa kuitikia. Aliyeimba alikuwa yeye, na mwitikiaji yeye. "Kiboko," akajiitikia. Nyuma huko mtu wa Mkwaju alicheka puani, na hao wa Mkwaju hawajazoea kucheka.

Ikaja zamu ya maji. Kisima kilikuwa chini kabisa ya mlima, na maji ni ya shule nzima, ya uji, ya wali, ya kufulia. Kiboko akaketi mlangoni akaita, "Ngiri, kachote."

Ngiri akasimama pale kwa heshima zote. "Ningefurahi, Kaka Mkuu. Lakini mimi ni wa Mkuyu. Leo ni zamu ya bweni lako."

"Nyati."

"Wa Mkuyu, Kaka Mkuu."

Akateremka mwenyewe. Akapanda mwenyewe. Ndoo kichwani, jua limemkalia mgongoni, na ngozi yake ile haipendi jua. Aliporudi nusu ya maji ilikuwa imemwagika, akaambiwa arudie.

Ikaja riadha, mbio za kupokezana kijiti. Kila bweni wakimbiaji wanne. Kiboko akakimbia kipande chake, akafika kwenye kituo, hakukuta mtu. Akajikabidhi kijiti kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akaendelea. Wa Mpera walishamaliza, wakanywa maji, wakakaa chini kumtazama.

Siku hiyo alikwenda Mkuyu, akasimama mlangoni. "Nimefikiri nirudi," alisema.

"Mahali pako amelala Nyati," alisema Ngiri, ambaye sasa ndiye alikuwa kiranja wa Mkuyu, na alikuwa amekipenda cheo. "Na ukiacha bweni lako, bendera nani ataishusha? Utachekwa, Kaka Mkuu."

Kiboko aliwaza usiku na mchana. Kisha siku moja kabla ya kufunga shule, akamwita Pimbi, na alikuwa anatabasamu.

"Kidudu, nilikukasirikia. Sasa nakushukuru," alisema Kiboko. "Kesho ni ukaguzi wa mwisho. Nitaingia Mpera kama kawaida yangu. Mtashika mkia kama kawaida yenu. Mkishavunjwa, nitawaomba wote. Wote, si mmoja mmoja. Nina bweni zima, nafasi tele, na sina wa kuchota maji. Kanga ataitikia wimbo. Kobe atakuwa kigoda. Wewe utafagia. Bila wewe nisingepata pa kuwaweka."

Pimbi alirudi Mpera. Akawaeleza wenzake vile vile, bila kuficha.

"Kwanza tulikuwa tunagawiwa," alisema Kanga taratibu, na ule utaratibu ulikuwa mbaya kuliko kelele zake. "Sasa tunakwenda wote kwa mmoja. Umetuuza kwa jumla, shoga."

"Niliwaza nusu tu," alisema Pimbi. "Nilitaka achoke, aache. Sikujua anaweza kuchoka na asiache."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Kobe.

Pimbi alitazama mlango wao mdogo, akatazama ukuta, akawaza ule mlango mpana wa ghala na ule ufunguo. "Tufagie," alisema. "Tufagie kama siku zote."

Wakafagia. Wakanyunyiza maji, sakafu ikatoa ile harufu ya udongo uliolowa. Kama ndiyo mara yao ya mwisho, basi bweni na liwe safi.

Jumamosi ikafika. Rimu ikalia, mabweni yakajipanga nje, kila mtu mbele ya mlango wake. Kutoka jikoni harufu ya wali ilikuwa imeshaanza. Kiboko akatoka bwawani, na siku hiyo hakuoga tu, alijigaragaza. Tope jeusi mpaka mapajani. Tapu, tapu, tapu, moja kwa moja kuelekea Mpera, na Mwalimu Korongo nyuma yake akichagua pa kukanyaga.

"Samahani, Mwalimu," alisema Pimbi.

Kiboko akasimama. "Anayekaguliwa hasemi."

"Mwache aseme," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, leo ni mara ya kwanza Bweni la Kiranja Mkuu kukaguliwa. Tumeona si adabu. Bweni la mkubwa lingoje mpaka wasugua masufuria wamalize? Litakuwa la mwisho, kama mtu wa mwisho. Sisi Mpera tunaomba kwa heshima, lianze lenyewe."

Mwalimu Korongo alipenda adabu. "Neno zuri. Unasemaje, Kiboko?"

Shule nzima inamtazama Kiboko. Aseme hapana, nianze na Mpera, mimi niwe wa mwisho? Na asubuhi ile alikuwa amefagia kwa mkono wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, na alitamani watu waone.

"Lianze," alisema, akageuka. Kifua mbele. Ufunguo unapiga shingoni, ting, ting. Akafungua kufuli, akausukuma ule mlango mpana mpaka mwisho. "Karibu, Mwalimu. Huku si Mpera. Huku unaingia bila kuinama."

Naye akatangulia. Pwata. Pwata. Pwata.

Mwalimu Korongo akaingia nyuma yake, mguu mmoja, mguu wa pili. Akatazama chini. Akauinua ule mguu wa kwanza na kuuangalia. Ulikuwa mweusi.

"Kiboko," alisema. "Tope hili la nani?"

Kiboko akageuka kulia. Ukuta. Akageuka kushoto. Ukuta. Hakuna Kanga, hakuna Kobe, hakuna kitu kidogo cha kunyooshea kidole.

"Mpera," alisema. "Mpera wameingia humu."

"Ufunguo anao nani?"

Ufunguo ukapiga shingoni, ting.

"Labda Ngiri, maana Ngiri..."

"Mimi ni wa Mkuyu," alisema Ngiri kutoka nje, upesi.

Mwalimu aliinamisha shingo yake ndefu mpaka mdomo ukakaribia sakafu. Unyayo mpana kama mfuniko wa sufuria, vidole vinne. Akaunyanyua uso polepole. "Twende Mpera," alisema.

"Nitangulie, Mwalimu, kule pachafu, usije uka..."

"Miguu yangu imeshachafuka. Nitatangulia mimi. Wewe utanawa kwanza."

Pimbi alikuwa tayari mlangoni na ndoo na kata. Alimwagia Kiboko maji mguu baada ya mguu, na maji yakatiririka meusi uwanjani mbele ya shule nzima. Mle ndani Mwalimu Korongo aliinama akapita kwenye ule mlango mdogo kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu. Alikuta sakafu safi. Alikuta matandiko yamepangwa. Halafu akaona ukuta.

Ukutani, juu sana kupita kimo cha yeyote wa Mpera, kulikuwa na mstari mnene wa tope kavu, tabaka juu ya tabaka. Ni pale ubavu wa Kiboko ulipokuwa ukipangusa kila Jumamosi. Wadogo hawakuufikia kuufuta.

Mwalimu aliufuata mstari ule kwa ncha ya mdomo. "Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwanzo, Mwalimu," alisema Kobe. "Mimi nilikuwa nasema shikamoo."

"Na mimi nilikuwa naihurumia miguu yangu," alisema Mwalimu Korongo. Na tangu siku hiyo hakulikwepa tena tope.

Akatoka nje, akasimama kwa miguu yote miwili. Mpera wa kwanza. Mkuyu wa pili. Mkwaju wa tatu, wakatazama pembeni. Na Bweni la Kiranja Mkuu limeshika mkia.

"Mwalimu," alisema Kiboko, "ile sheria ilikuwa ya..."

"Lolote, ulisema. Sheria ni sheria, ulisema. Bweni lako linavunjwa. Utakwenda kulelewa na walioshinda."

Bendera ikashuka. Beji ya Kiranja Mkuu ikavuliwa. Mwalimu alitaka kumvika Pimbi pale pale, Pimbi akasema aivae baadaye, mikono yake ina ukoko. Na kweli ilikuwa nao. Kanga alimvunjia kipande kikubwa, kachu, akamwambia, "Haya shoga, kula, usinitazame hivyo," na huko ndiko kuomba radhi kwa Kanga.

Nasikia siku ile Mpera waliimba mpaka Mkuyu wakaitikia. Ningelipa chochote nisikie wimbo ule. Hayupo tena anayeujua.

Sikuzani, nimeona umeshaivua hiyo beji, na Mhina ameacha kununa, basi lishikeni hili moja: anayetaka ukubwa wa kukaa peke yake, na ndoo ataibeba peke yake.

Maana Kiboko alilipa. Mpera hapakuwa na nafasi ya kumlaza, akalala nje. Zamu ya maji ya Mpera ikawa yake, akapanda na kushuka mpaka njia ya kisimani ikazama kama mfereji. Na kila asubuhi, kabla ya kujipanga mstarini, ilimpasa aoshe miguu, na mkaguzi wake alikuwa Kobe. Kobe hana haraka. Anazunguka mguu mmoja asubuhi nzima, kisha anasema, "Bado, Kaka. Kidole cha nyuma."

Shule ikaja ikafa. Rimu ikaanguka, uwanja ukaota matete, Mwalimu Korongo akaruka zake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Kiboko kwamba sasa inatosha. Pita bwawani mchana wowote, utamwona amezama, macho na masikio tu juu. Anaosha miguu.